Wimbo wa Ndani

Mama Beti alikuwa anakatakata vitunguu redio ilipomtaja mdogo wake.

Haikumtaja kwa jina la shule wala la kitambulisho. Ilimtaja kwa jina la nyumbani, Chiriku, jina alilopewa na marehemu mama yao kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutambaa. Na sauti iliyomtaja, astaghafiru, ilikuwa ya Mama Beti mwenyewe:

*Chiriku kafunga domo, kafunga mkoba wake,*
*mkoba u kwa jirani, chini ya meza ya kwake…*

Hapo mtangazaji akaukata wimbo, akacheka kile kicheko chake cha kulipiwa mshahara, akasema hicho ni kionjo tu. Wimbo mzima ungepigwa mchana, kwenye kipindi cha nyimbo mpya. Wasikilizaji waanze kukisia: Chiriku ni nani, na anakwenda wapi?

Kisu kilimtoka Mama Beti mkononi, kikaangukia karibu na kidole cha mguu, wala hakukitazama. Alikuwa anamfikiria mtu mmoja tu, shemeji yake, mume wa Chiriku, fundi wa kuchomelea mageti. Mtu yule alikuwa hawashi mashine karakanani kwake kabla hajawasha redio.

Ili uelewe hofu yake, lazima ujue mji ule ulivyokuwa. Ulikuwa na bendi mbili na nusu. Ile nusu ni bendi iliyobakiwa na waimbaji tu, bila mpiga ala hata mmoja, kila mmoja na miwani yake myeusi, ukumbini, gizani, anagonga meza akienda chooni. Na mji ulikuwa na ugonjwa mmoja: wimbo mpya ukitoka, hakuna aliyeuliza kama ni mzuri au mbaya. Watu waliuliza nani kaimbwa. Kinyozi aliuliza, muuza dawa aliuliza, mwalimu naye aliuliza huku akijidai hapendi umbeya. Na wimbo ukiwa wa Mama Beti, ndiyo kabisa, kazi zilisimama.

Kwa sababu Mama Beti hakuwahi kutunga wimbo wa kubuni. Alimtunga mama yake alipofariki. Alimtunga mume wake alipohama na masufuria yote, mpaka mfuniko wa birika, kisha akajitunga mwenyewe alivyobaki anachemshia chai kwenye kopo. Wimbo ule wa kopo mji ulicheka nao na kulia nao, na jina likamkaa. Wapiga gitaa ndio waliombatiza Mama Beti, wakisema huyu hazai watoto, anazaa beti. Utani wa wanamuziki hauna adabu, lakini alizoea.

Tatizo lake lilikuwa kwamba hawezi kutunga kwa uongo. Ukimpa jina la kubuni, sauti yake inakuwa ya mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Basi akajitafutia njia. Kwanza aliuimba wimbo kama ulivyo, na majina yake, na nyumba yake, na mkoba wake. Unarekodiwa mara moja studio ili wapigaji wasikie maumivu yamekaa wapi. Huo waliuita wimbo wa ndani. Kisha aliuvisha nguo: jina linabadilishwa, mume anageuzwa mjomba, mkoba unageuzwa kikapu, jirani anahamishiwa kijiji kingine. Huo ndio wimbo wa nje, na ndio uliokwenda kwa watu. Wa ndani ulifutwa siku hiyohiyo. Bendi nzima iliijua sheria hiyo, isipokuwa mtu mmoja, fundi sauti mpya, ambaye alikuwa hajamaliza hata kujifunza vyumba vya studio.

Mama Beti alimpigia simu akiwa bado na harufu ya vitunguu vidoleni.

"Umempa mtangazaji wimbo gani?"

"Ule wenye roho, Mama," akajibu fundi sauti kwa furaha kabisa. "Ule mwingine umevaa nguo nyingi mno, mwenyewe haonekani."

"Nilikwambia ule ufute."

"Ningeufutaje? Nililia, Mama Beti. Nimerekodi bendi ngapi mimi, sijawahi kulia kwenye mashine."

Mama Beti alitaka kumtukana, akakosa tusi. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba mafundi sauti wa mji ule wana masikio ya kuning'inizia miwani. Leo amempata mwenye masikio ya kusikilizia, na huyo ndiye kamponza.

Au tuseme ukweli, alijiponza mwenyewe. Juma lililopita Chiriku alikuwa amekaa jikoni humuhumu, kwenye kile kigoda, akafunua mtandio akamwonyesha bega lilivyobadilika rangi. Alisema ameamua. Bwana akienda kufunga geti nje ya mji, yeye anaondoka. Mkoba alikuwa ameshauvusha kidogo kidogo, gauni moja leo, viatu kesho, mpaka kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alipomaliza kueleza, alimshika dada yake mkono.

"Dada, hii usiiimbe."

"Niimbe nini? Mimi mwendawazimu?"

Na kesho yake aliimba. Alijiambia kwamba ataivisha nguo nzuri, nguo nzito, asiitambue hata mama aliyewazaa. Ilimkaa kooni, ikamkosesha usingizi, akaitoa. Sasa alisimama jikoni anaona aibu ambayo hakuwa na pa kuiweka.

Simu ikaita. Alikuwa Chiriku, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada, umeniimba."

Halikuwa swali, na Mama Beti hakujitetea. "Amesikia?"

"Amekuja mpaka mlangoni na miwani yake ya kazi kichwani. Kaniuliza, mkoba gani huo? Nikamwambia, wimbo tu huo, dada anabuni. Akasema, dada yako habuni. Akasema tungoje tuusikie wote mchana, kisha atarudi ndani tuongee." Chiriku akashusha sauti zaidi. "Unajua maana yake akisema tuongee."

"Toka sasa hivi."

"Nitokee wapi? Njia ni moja, inapita uani kwa karakana. Ameweka kiti palepale getini, na redio juu ya pipa. Hata kazi hafanyi."

Mama Beti aliijua ile njia. Nyumba ilikuwa nyuma, karakana mbele, na geti lenyewe shemeji alilitengeneza kwa mikono yake, zito, lenye mikuki juu. Alifikiri haraka, na alichofikiri kilitokana na kazi yake. Shemeji hajawahi kuacha kupiga simu redioni. Kila kipindi yumo, anasalimia huyu, anampongeza yule, mpaka watangazaji wanamjua kwa sauti. Na mtu akipiga simu redioni lazima aende mbali na redio yake, la sivyo inapiga mluzi hewani.

"Nisikilize, mdogo wangu. Vaa viatu, ukae nyuma ya mlango. Weka redio ya simu sikioni, sauti ya chini. Ukinisikia nimeanza kuimba, usisikilize maneno. Tembea."

"Utaimba nini?"

"Sijui. Wewe tembea."

Kisha akampigia fundi cherehani, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Akamwambia mkoba uwe mlangoni, na akishampakia mgeni wake kwenye gari, atume salamu redioni kwa simu.

"Salamu gani?"

"Wasalimie walio safarini."

"Haya," akasema yule mama, na cherehani ikaendelea kulia.

*

Kituo cha redio kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kuta za chumba cha matangazo zilibandikwa trei za mayai ili mwangwi usizurure, na ukikaa humo muda mrefu, unatoka unasikia njaa bila sababu. Mtangazaji watu walimwita Kionjo, kwa sababu alikuwa hawezi kumpa mtu kitu kizima. Hata habari ya msiba alikuonjesha kwanza.

Mama Beti alifika anahema, mtandio umemwangukia mabegani, kipindi kinakaribia kuanza.

"Ule wimbo usiupige."

"Mama Beti!" Kionjo alisimama kumpisha kiti. "Nimeshautangaza asubuhi nzima. Nisipoupiga watanichomea jengo."

"Nitaimba mwenyewe. Hapa, sasa hivi, hewani."

Kionjo alisogeza kipaza sauti upande wake. Miaka mingapi alikuwa akimbembeleza aje, na Mama Beti akimjibu kwamba anayetaka kumsikia aje ukumbini alipe kama wenzake? Macho yake yalimeremeta, halafu yakawa na wasiwasi.

"Kwa nini leo?"

"Kuna mtu atapigwa ukiupiga wimbo ule."

"Nani?"

"Umeniuliza swali hilo tangu tufahamiane. Leo tu, nakuomba, usiulize."

Akaitikia kwa kichwa. Lakini mtu ni mazoea yake. Taa nyekundu ilipowaka, baada ya kukohoa na kuwakaribisha wasikilizaji na kumsifu mgeni wake mpaka mgeni akainamisha macho, Kionjo aligeuka akasema kwa sauti yake ya asali, "Mama Beti, mji mzima unataka kujua. Chiriku ni nani?"

Mama Beti alimwangalia jicho ambalo, kama lingeonekana redioni, kituo kingefungiwa. Kionjo alishika mdomo, kachelewa. Simu ya mezani ikawaka taa.

"Hallo. Habari za kazi, mtangazaji. Na wewe habari yako, shemeji."

Ilikuwa sauti nzuri. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha Mama Beti kila siku, kwamba mtu yule alikuwa na sauti nzuri, ya pole, yenye heshima, na mji mzima ulimpenda kwa sauti hiyo. Nyuma yake mashine ya kusagia chuma ilikuwa inalia, na nyuma ya mashine, redio.

"Shemeji kabisa!" akasema Kionjo. "Karibu, fundi."

"Nauliza tu, kwa nia njema. Nyumbani kwangu yuko Chiriku mmoja. Shemeji analijua hilo. Sasa nimesikia habari za mkoba, nikasema labda niulize mbele ya watu, nisije nikamdhania mtu vibaya."

Kionjo alimgeukia Mama Beti. Mama Beti alisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida.

"Shemeji, hatukusikii vizuri. Kuna mashine inasaga hapo, na redio yako inatupigia mluzi. Ingia ndani palipo kimya."

Uongo. Simu ilikuwa safi, kila neno linasikika. Kionjo alimtazama Mama Beti, akaitazama simu, na hapo ndipo alipoelewa ni nani atakayepigwa. Mama Beti aliona kabisa jinsi uso ulivyombadilika. Mkono wa Kionjo ukasogea taratibu mezani, ukapandisha kitufe kimoja, na mluzi mkali ukapasua hewa, wasikilizaji wa mji mzima wakaziba masikio.

"Ndiyo huo, fundi," akasema Kionjo. "Sogea mbali kabisa, bwana. Tafuta chumba."

"Subirini… subirini basi." Zikasikika hatua, na mtu akikaripiwa apishe njia. Mashine ikafifia. Mlango wa chuma ukajibamiza. "Nimeingia stoo. Nimefunga mlango. Mnanipata?"

"Sasa ndiyo," akasema Mama Beti.

Stoo ile haikuwa na dirisha. Aliwahi kuingia, kuna makopo ya rangi na vipande vya bomba. Lakini alikuwa bado hajaimba, na Chiriku alikuwa bado nyuma ya mlango, viatu mguuni, anangoja.

"Basi nijibu, shemeji. Mkoba wa nani?"

"Wangu," akasema Mama Beti. "Jina nimelikopa nyumbani, kwa kuwa niliona haya kujitaja. Nataka kuhama bendi. Huyo jirani ni bendi ya ng'ambo."

Kionjo nusura aanguke na kiti. Habari kubwa namna ile, na yeye hakuionjesha kwanza. Kwenye simu likasikika kopo la rangi likisukumwa kwa mguu.

"Lo," akasema shemeji mwishowe, akacheka kidogo. "Kumbe. Basi kama ni hivyo, shemeji, mimi nina lawama. Nyumbani kwetu umemwimba kila mtu. Marehemu mama umemwimba, yule aliyekukimbia umemwimba. Mimi fungu langu liko wapi? Niimbie na mimi leo."

Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kuimba lolote, wimbo wa kopo, wimbo wa mama. Sasa mtu huyu anamwomba amwimbe yeye, na akimwimba vibaya atatoka stoo, na akimwimba kwa sauti ya tangazo la maji atajua. Mama Beti hakuwahi kuimba uongo ukafanana na kweli. Alifumba macho. Akafikiria bega la Chiriku lilivyobadilika rangi, akachukua uchungu wake wote kama ulivyo, akauweka ndani ya sifa.

*Shemeji mkunja chuma, sifa zako si uongo,*
*mji mzima walala, nyuma ya yako milango.*

Sauti ilitoka. Ilitoka imejaa, ikitetemeka pale panapopaswa kutetemeka, na Kionjo aliacha kugusa vitufe akabaki mdomo wazi. Kule nyuma ya mlango mtu alikuwa ameisikia, na kama alitii, alikuwa ameanza kutembea. Mama Beti alimwona kichwani, anapita uani, anawapita wafanyakazi walioinamia cheche na miwani yao, na redio juu ya pipa inamwimbia mume wake. Akatafuta mstari wa tatu, na neno la kwanza lililokuja lilikuwa mikono.

*Mikono yako ya kazi, haijui ila pendo…*

Kina kikapinda, na sauti ikakatika hapohapo. Wasikilizaji walidhani ni hisia. Baadaye watu walisema pale ndipo walipolia, pale kwenye pendo. Yeye alihisi kama anameza kipande cha sabuni, akameza, akaendelea.

Sifa za shemeji ziliisha mapema, kwani hazikuwa nyingi. Akaimba mageti. Akaimba madirisha. Akaimba masharubu, akamwimba mama yake aliyemzaa, akarudi kwenye mageti kwa mlango wa nyuma. Kila akimaliza ubeti alimtazama Kionjo, na Kionjo aliitazama simu yake ya salamu akatikisa kichwa. Hakuna. Mama Beti akaanza ubeti mwingine. Je, kama Chiriku ameogopa? Kama amesimama palepale uani, miguu imekataa? Kama amesikiliza maneno? Aliimba huku akijua kwamba kila neno tamu analolitoa linaingia pia kwenye sikio lile, kwa sauti ya chini, na hakuna namna ya kumwambia usiamini, mdogo wangu, endelea tu kutembea.

"Shemeji," simu ikasema katikati ya ubeti. "Ngoja kidogo, kuna mtu anagonga mlango wa stoo."

"Hapana!" Ilimtoka kwa nguvu mno. Akaishusha. "Usifungue, shemeji. Ukifungua mashine itaingia hewani, utaniharibia wimbo. Ndiyo kwanza nafika kwako mwenyewe."

"Aa. Haya." Akamkaripia mtu upande wa pili, "Subiri wewe, naimbwa!"

Naimbwa. Alilisema kwa fahari, na Mama Beti akaimba tena, sasa bila kujua anaimba nini, maneno yanajipanga yenyewe. Kionjo akainua mkono. Alikuwa anasoma simu, na alipoisoma hewani sauti yake ya asali ilikuwa imekwaruzika.

"Hapa nina salamu, wasikilizaji. Fundi cherehani anawasalimia wote walio safarini. Anasema, nendeni salama."

Mama Beti alinyamaza katikati ya mstari. Hakuumalizia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Shemeji," ilisema ile sauti nzuri, na ilikuwa inalia, kweli inalia. "Hujawahi kutunga kitu kama hicho."

*

Jioni bendi ilikuwa na mazoezi, kama siku zote, na Mama Beti alikwenda kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Kiongozi wa bendi hakumsalimia. Alikuwa ameshaambiwa na mji mzima kwamba mtunzi wake anahamia kwa maadui, na alikuwa anakaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa na tatizo. Wengine walimwambia simu za redio hazijanyamaza tangu mchana, watu wanautaka wimbo wa fundi mageti, ati hatimaye Mama Beti ametunga wimbo wa mapenzi. Fundi sauti alikuwa ameunasa kutoka redioni. Alikuja nao kwenye mashine yake, uso unang'aa.

"Huu sasa, Mama. Huu hata wa ndani hauufikii."

"Ufute."

"Mama Beti…"

"Nipe hapa." Akaichukua mashine, akaomba aonyeshwe kitufe, akakibonyeza mwenyewe. Kisha akautafuta na ule wa Chiriku, akaubonyeza pia. Fundi sauti aligeuka akatazama ukuta.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Alikuwa na nguo zake za kazi zenye matundu ya cheche, na hakuwa na ile sauti ya redioni.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Utaniambia. Kabati halina nguo, wewe mjini huku unaniimbia. Vijana wangu wananiambia hawakuona mtu. Watu wazima, wana macho, hawakuona mtu! Yuko wapi?"

"Sijui, shemeji. Haki ya Mungu sijui."

"Na ule wimbo?"

Mama Beti alikuwa na hofu. Lakini alikuwa ameimba uongo mchana kutwa na alikuwa ameushiba.

"Nilikuimbia ili ukae stoo."

Alimwona analipokea neno hilo. Lilichukua muda kumfika.

"Kwa hiyo hakuna la kweli hata moja?"

"Milango ni kweli. Milango unajua kutengeneza."

Akapiga hatua, na mkono ukapanda. Mpiga ngoma, mtu mnene asiyesimama hata kwa wimbo wa taifa, akasimama. Mpiga besi akasimama. Kiongozi wa bendi, ambaye alikuwa bado ana hasira naye mpaka kwenye kope, aliweka gitaa chini akaja akasimama mbele ya Mama Beti, mgongo wake ukimgusa usoni. Shemeji aliutazama mkono wake huko juu alikouacha, akaushusha, akatoka. Mlango aliubamiza ukarudi wenyewe, kwa kuwa haukuwa wa chuma, ulikuwa wa mbao tu, na komeo lake bovu.

*

Simu ilikuja kesho yake, kabla ya adhuhuri, kutoka namba asiyoijua.

"Dada. Nimefika."

Mama Beti alikaa kwenye kigoda. Alilia kwanza, akaacha, akapangusa simu. Nyuma ya sauti ya Chiriku kulikuwa na kelele za mahali, watu wanapita, ndoo inajazwa maji.

"Alhamdulillahi. Umelala? Umekula?"

"Nimekula. Nimelala."

"Ulisikiliza?"

"Uliniambia nisisikilize." Chiriku akampisha mtu, akaendelea. "Kwenye gari dereva aliongeza sauti. Kina mama wakawa wanasema, huyo mume anapendwa jamani. Nikaitikia na mimi. Nikasema, ee, anapendwa."

"Mdogo wangu…"

"Najua kwa nini uliimba. Nimetoka kwa sababu hiyo. Asante, dada."

"Uko wapi? Nije lini?"

Ndoo ilifurika kule, mtu akafunga bomba.

"Nimefika," akasema Chiriku.

"Umefika wapi?"

Chiriku hakujibu. Haikuwa hasira, Mama Beti aliijua hasira yake tangu utotoni. Alikuwa anamwonea huruma, na hilo lilimuuma kuliko hasira. Alitaka kusema kwamba hataimba, kwamba safari hii anaapa, kwa kaburi la mama. Akakumbuka kwamba juma lililopita, kwenye kigoda hikihiki, hakuapa hata, alicheka tu, akauliza kama yeye ni mwendawazimu. Na tangu alipoisikia ile ndoo alikuwa ameshaanza, bila kutaka, kutafuta neno la kuendana nayo kwa vina.

"Dada? Bado upo?"

"Nipo," akasema Mama Beti. "Usiniambie."